Gia za mbele zilinigomea baada ya kubadilisha kranki, nikazirudisha kwa uzi na chaki ya cherehani

Nianze na hili, maana limenikera wiki 3 nzima: zile skrubu mbili za direla ya mbele, yaani kile kidude chenye mabati mawili kinachosukuma cheni kutoka gia hadi gia, haziwezi kuiweka direla mahali pake. Kazi yake ni kuweka mpaka, cheni isidondokee ndani wala isirukie nje. Direla yenyewe ikiwa imekaa pasipo pake, zungusha skrubu mpaka vidole viote sugu, hupati kitu. Mafundi wawili na shemeji yangu waliniambia "kaza skrubu, dada, itakaa tu". Haikukaa. Wote watatu walikosea, na mmoja wao nilimlipa.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Uru, nashonea mjini Moshi. Asubuhi nateremka, jioni napanda, na kwenye keria hakukosi mfuko wa nguo za watu. Anayeijua barabara ya Uru anajua ninachosema: ukishaiacha hospitali ya KCMC mgongoni ni migomba kulia, migomba kushoto, na mlima ambao haukupi pa kupumzikia.

Baiskeli yangu ni mtumba, ya milimani, gia 3 mbele na 7 nyuma. Gia za mbele ilizokuja nazo zilikuwa za meno 48, 38 na 28. Hizo ni gia za mtu wa tambarare, wa kwenda TPC, kwenye mashamba ya miwa, na kurudi. Gia yangu kubwa ya nyuma ina meno 28, kwa hiyo hata nikiweka ndogo kabisa mbele, pedeli ikizunguka mara moja na tairi linazunguka mara moja. Kwa tairi la inchi 26 hiyo ni kama mita 2 za mlima kwa kila mzunguko, na mfuko wa nguo nyuma, na jua la saa 10. Magoti yakaanza kulalamika. Masika yalipokuja na matope yake, meno ya gia ya kati yakamalizikia hapo, yakachongoka kama msumeno, cheni ikawa inaruka kila nikisimama kwenye pedeli.

Nikatafuta kranki nyingine, yaani mikono ya pedeli pamoja na gia zake za mbele, kwenye vipuri vya mtumba, nikapata yenye gia za meno 42, 32 na 22. Elfu 40 na kitu, baada ya kuvutana. Kwa 22 mbele na 28 nyuma, pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inakwenda kama mita 1 na sentimeta 60. Huo upungufu wa sentimeta 40 ndio niliokuwa nautafuta, nao ndio unaopandisha mtu Uru bila kushuka. Kufungua ya zamani na kufunga mpya sina la kusimulia, pula ya kuvutia kranki unaazima, kazi ya nusu saa.

Shida ilianza nilipobadilisha gia mara ya kwanza.

Kutoka ya kati kwenda kubwa, cheni haipandi. Nasukuma kwenye mkono wa kubadilishia, nasikia krr, krr, krr, cheni inasugua bati na kubaki palepale. Nikisukuma zaidi inapanda kwa kishindo, inapitiliza, inaangukia nje na kunasa kati ya gia kubwa na mkono wa pedeli. Kutoka ya kati kwenda ndogo ndiyo balaa: inaruka ndogo na kuangukia ndani, kwenye fremu.

Nikarudi kwa fundi aliyenisaidia kukaza kranki. Akachukua bisibisi, akazungusha skrubu moja, akazungusha ya pili, akaniambia tayari. Niliposema bado inasugua akaniambia, "Mama, hizi gia za mbele watu hawazitumii. Nikutolee hicho kidude ubaki na gia moja, utakuwa umepumzika." Nimetafuta gia ya meno 22 mji mzima kwa sababu ya mlima, halafu unaniambia niiache! Fundi wa pili alitaka kuligonga bati kwa nyundo "liingie ndani kidogo". Nilimshika mkono. Lile bati ni jembamba, ukilipinda limeharibika, halirudi.

Basi nikaamua kuifanya mwenyewe, na hapo ndipo nilipopoteza jioni 3.

Jioni ya kwanza nilizungusha skrubu ya H, inayozuia upande wa nje. Nikiilegeza, cheni inapanda gia kubwa lakini inaangukia nje. Nikiikaza, haianguki lakini pia haipandi. Nikawa natafuta mahali pa katikati, robo mzunguko mbele, robo nyuma. Nimezoea hesabu za hivyo, skrubu ya bobini ni robo tu na uzi umeshabadilika tabia, kwa hiyo nilikuwa na hakika nitapapata. Hapakuwepo. Jioni ya pili umeme ulikatika, nikafanyia kwa taa ya simu, nikahamia skrubu ya L, ya upande wa ndani, mambo yakawa mabaya zaidi maana sasa pande zote mbili nilikuwa nimeshazivuruga. Jioni ya tatu nikakaza waya mpaka nyuzi za mwishoni zikaanza kufumuka.

Asubuhi yake nikateremka hivyohivyo kwa sababu nilikuwa na kazi ya watu mjini. Jioni napanda na sare za kwaya, sketi 6 zilizokwisha pigwa pasi. Nikafika pale mlima unapokaza, nikashusha kwenda gia ndogo. Cheni ikaangukia ndani nikiwa nimesimama kwenye pedeli kwa uzito wangu wote. Mguu ukazama bila kukuta kitu, baiskeli ikalala, mfuko ukaserereka mpaka ukingoni mwa mfereji. Namshukuru Mungu haukuingia majini. Sketi 2 zilipata vumbi jekundu, nikazifua usiku uleule. Kutoka pale mpaka nyumbani nilikokota baiskeli kwa mkono, na nilikuwa na hasira, kusema kweli.

Aliyeniokoa ni babu jirani yetu, mzee wa kahawa, hajawahi kuwa na baiskeli yenye gia maisha yake yote. Jumamosi nimeigeuza baiskeli nje, matairi juu, yeye amekaa kwenye kigoda chake ananitazama. Nikaisimamisha nimwonyeshe inavyosugua.

"Shikamoo babu, tazama hii."

"Marahaba, mwanangu." Akainamisha kichwa akatazama kwa muda. "Mbona hicho kidude kinaelea?"

Nikainama na mimi. Nikaona. Kati ya meno ya gia kubwa na ukingo wa chini wa bati la nje palikuwa na uwazi wa kupitisha kidole. Direla ilibaki palepale ilipokuwa miaka yote, ikiisubiri gia ya meno 48 ambayo haipo tena. Hakuna aliyeigusa bangili inayoibana kwenye bomba la siti, si fundi, si mimi. Tulikuwa tunazungusha mipaka ya kitu kilichokaa ghorofani.

Hapo ndipo cherehani iliponisaidia. Ukikata sketi ya kloshi unachukua mzunguko wa kiuno, unagawanya kwa 6.28, unapata nusu kipenyo cha kuchorea. Gia nayo ni duara. Kutoka pini hadi pini ya cheni ni milimita 12.7, kwenye cheni zote za baiskeli za kawaida, na meno yanafuata kipimo hichohicho. Nimepunguza meno 6, kwa hiyo mzunguko umepungua milimita 76. Gawanya kwa 6.28: milimita 12. Gia yangu kubwa imeshuka milimita 12 kutoka kwenye bati, na bati halijaambiwa. Nikapima kwa tepu, nikapata milimita 14, yaani zile 12 pamoja na 2 za nafasi ya kawaida. Nilifurahi kwa ile hesabu kuliko nilivyofurahi siku kranki ilipofika.

Inavyotakiwa ni hivi: bati la nje likiwa juu ya gia kubwa, nafasi kati ya ukingo wake wa chini na ncha za meno iwe milimita 1 hadi 3. Cheni inasukumwa ikiwa karibu na meno, inadakwa hapohapo. Ukiiacha juu, bati linaisukuma cheni hewani, inajikunja pembeni bila kudakwa, na ikija kudakwa imeshasukumwa kupita kiasi. Ndiyo sababu ilikuwa haipandi, na ikipanda inapitiliza. Makosa mawili yanayoonekana kupingana, chanzo kimoja.

Nikafungua waya. Usijaribu kuishusha direla waya ukiwa umebanwa. Wangu unashukia kutoka juu, na mtu wa kabla yangu alishaukata mfupi, kwa hiyo nilinunua mpya, elfu 3 au 4, siku ile sikuangalia sana. Nikalegeza bangili, nikaishusha. Pale ilipotoka palibaki pete ya bluu mbichi, rangi ya baiskeli kama ilivyotoka kiwandani, jua halijawahi kuigusa.

Sasa bila waya direla inarudi ndani yenyewe kwa springi, na wewe unataka kuiona ikiwa nje, juu ya gia kubwa. Mikono miwili haitoshi. Nilichonga kipande cha gunzi la hindi, nikaivuta direla mpaka nje, nikachomeka gunzi katikati ya mikono yake. Ikatulia. Gunzi ni laini, halikwaruzi. Kupima milimita 2 nilitumia alenki ya 2, ule ufunguo wa unene wa milimita 2: inapita kati ya jino na bati kwa kugusa kidogo juu na chini, basi ndiyo hapo. Hakikisha unapima penye jino, usipime penye bonde kati ya meno. Mkunjo wa direla yangu ulitengenezwa kwa duara la 48, kwa hiyo kwenye 42 nafasi inaongezeka kidogo kuelekea nyuma. Haijanisumbua. Nafikiri kilichosaidia ni kwamba hatua kati ya gia na gia haikubadilika: 48, 38, 28 zinaachana kwa meno 10, na 42, 32, 22 vilevile.

Kimo kikishapatikana, bado direla inaweza kuwa imegeuka, kisigino chake, yaani mwisho wa nyuma, kimeingia ndani au kimetoka nje. Hili ndilo ninalolipenda kulisimulia. Watu wanakadiria kwa jicho, na jicho ukiwa umeinama linadanganya. Nilichukua uzi wa kushonea, ule mweusi mnene wa jinzi, nikaukaza kwenye uso wa nje wa gia kubwa, ukigusa meno ya mbele na meno ya nyuma, juu kidogo ya mkono wa pedeli, na ncha nikaivuta ipite nyuma ya mwisho wa bati. Mtoto wa dada yangu akashika ncha ya mbele, mimi ya nyuma. Halafu nikatazama kutoka juu, jicho moja nimefumba. Mstari wa uzi na mstari wa bati lazima viende sambamba. Vyangu vilikuwa vinaachana wazi kabisa, kisigino kimeingia ndani karibu milimita 3. Nikaigeuza bangili kidogo kidogo mpaka vikalingana kama pindo na pindo.

Nikakaza bolti. Ikageuka tena! Bolti ikikazwa inaiburuta bangili pamoja nayo. Mara ya pili ikageuka vilevile. Mara ya tatu nikachukua chaki, nikachora mstari mmoja unaoanzia kwenye bangili na kuteremkia kwenye bomba, kama alama ya kuunganisha mkono wa gauni na bega. Nikakaza nikiangalia ule mstari, na ulipoanza kuvunjika nikairudisha kwa kidole gumba huku nakaza. Ikakaa. Kaza ya kutosha lakini si kwa hasira, bomba ni jembamba.

Baada ya hapo, zile skrubu zilizonila jioni 3 zilichukua robo saa. Kwanza upande wa ndani, waya ukiwa bado haujafungwa: cheni mbele kwenye gia ndogo, nyuma kwenye kubwa kabisa, kisha skrubu ya L mpaka bati la ndani libaki karibu na cheni bila kuigusa, kama nusu milimita. Mimi nilipitisha kipande cha khanga kilichokunjwa mara mbili, kinapita kwa kubanwa kidogo. Ndipo unafunga waya, mkono wa kubadilishia ukiwa namba 1, na ile nati ndogo ya kuzungusha kwa vidole pale waya unapotokea kwenye usukani uirudishe ndani yote halafu uitoe mzunguko mmoja, ili ubaki na akiba ya pande zote. Vuta waya kwa plaizi, kaza. Kisha gia ya kati mbele na kubwa nyuma, unaisogeza kwa nati ya vidole mpaka bati la ndani linakaribia kugusa cheni. Mwisho kubwa mbele na ndogo kabisa nyuma, ndipo skrubu ya H. Kulia inabana njia, kushoto inaifungua.

Halafu chaki tena. Bado kulikuwa na kasauti, katika gia moja tu, kubwa mbele na ndogo nyuma, tik tik tik, na kwa macho huwezi kuona cheni inagusa wapi kwa sababu ukiinama kutazama huwezi kukanyaga. Nikayafuta mafuta kwenye mabati kwa ndani, nikayapaka chaki ya cherehani nyeupe yote mawili, nikapanda, nikazunguka njia ya nyumbani mpaka kwa babu na kurudi. Kuangalia: bati la ndani jeupe lote, la nje limefutika pua ya mbele tu, alama ya ukubwa wa punje ya mchele. Basi cheni inagusa pale na si penginepo. H nikailegeza, nusu ya robo. Nikapaka chaki upya, nikazunguka tena. Nyeupe yote. Kimya.

Babu akaniuliza kama chaki ni dawa ya baiskeli. Nikamweleza, akacheka, akasema hata kwenye kahawa wakati wa kupogoa wanaanza kwa kutia alama.

Mambo mawili yaliyobaki. Cheni: gia za mbele zikipungua, cheni ya zamani inakuwa ndefu. Yangu ilining'inia nikiweka ndogo na ndogo. Nikaizungusha kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla ya nyuma, nikaongeza vipande 2, kilichozidi nikakitoa. Na kabla ya kulaumu direla, pima gia ya kati imekaa umbali gani kutoka katikati ya bomba la siti. Kwenye baiskeli za milimani zenye gia 3 mbele huwa karibu milimita 50. Yangu ilikuwa hapo, sikuigusa. Kama yako imetoka sana nje, tatizo ni ekseli ya kranki, na hapo uzi wangu na chaki yangu havitakusaidia.

Msishangae pia ikisugua ukiweka kubwa mbele na kubwa nyuma, au ndogo na ndogo. Cheni inakwenda upande. Hizo sizitumii kabisa.

Siku kama 10 baadaye gia ya kati ilianza kuchelewa kupanda. Waya mpya hulegea siku za mwanzo, ganda lake linapojikalisha mahali pake. Nilizungusha nati ya vidole nusu mzunguko nikiwa nimesimama kando ya barabara, sikushusha hata mfuko. Sasa mtoto wa dada yangu naye amepata kranki ya mtumba na anataka nimfanyie Jumamosi. Nimemwambia aje na waya wake mpya na gunzi lake.